Askari Anayeulizwa Ndiye Anayeaminika

Nawasalimu nyote mlioko katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, hapa Uganda, kuanzia Base Camp hadi Rubondo na Juru. Nawasalimu mlioko Mbarara mjini, Kakoba, Nyamitanga, Ruti na Kamukuzi. Nawasalimu wenyeji wa Isingiro mnaoishi na wakimbizi kama majirani, mnaolima nao, mnaouziana nao mahindi na ndizi. Na kama kuna afande anayetusikiliza akiwa zamu, naye nampa salamu zake. Leo asizime redio, maana mazungumzo haya ni yake pia.

Nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo wengi wetu hulisema kwa sauti ya chini. Hulisema kwenye bomba la maji, hulisema kwenye kijiwe cha boda, lakini akitokea mwenye sare, mazungumzo hubadilika ghafla, yakawa ni habari ya mvua. Jambo lenyewe ni hili: askari polisi anapokosea, nani amuulize? Na yule aliyekosewa, atawezaje kumwamini askari tena?

Naomba tusikilizane kwa utulivu. Sikuja kuwatukana polisi. Wapo askari wanaoamka usiku wa manane kumfuata mtoto aliyepotea, na nyinyi mnawajua. Wala sikuja kuwapaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Nimekuja na hoja moja, na nitairudia ili isipotee: imani haiji kwa kuombwa, huja kwa kujibu. Askari anayeulizwa, akajibu, na akikosea akaadhibiwa, huyo ndiye watu wanaweza kumwamini.

Sasa tuchukue mfano. Si kisa cha mtu fulani, ni mfano tu, lakini nadhani mtautambua.

Tuseme kuna kijana wa boda. Ijumaa jioni anasimamishwa na askari. Anaambiwa simu imeibwa, na aliyeiba alikuwa amepanda pikipiki. Kijana anaeleza kwa Kiswahili kwamba alikuwa amempeleka mgonjwa zahanati. Askari anaandika kwa Kiingereza. Kijana anawekwa selo. Mama yake anakuja, anaambiwa alete pesa ya dhamana, na pesa ya mafuta ya pikipiki ya kituo. Jumamosi inapita. Jumapili inapita. Jumatatu anaambiwa afande anayeshika faili hayupo. Jumanne mama anauza mbuzi, analipa, kijana anatoka. Hakufikishwa mahakamani. Hakuna risiti. Hakuna karatasi. Simu ya watu haijaonekana.

Nawauliza, wasikilizaji: hapo sheria imevunjwa mara ngapi? Hebu tuhesabu pamoja.

La kwanza ni lugha. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, ibara ya 23, inasema mtu akikamatwa aelezwe papo hapo, kwa lugha anayoielewa, sababu ya kukamatwa kwake, na aelezwe kwamba ana haki ya kuwa na wakili. Kwa lugha anayoielewa! Haisemi kwa lugha anayoipenda askari. Kama unaelewa Kiswahili, uelezwe kwa Kiswahili. Kama unaelewa Kirundi, Kinyarwanda au Kisomali, atafutwe mtu wa kukufasiria. Na kesi ikifika mahakamani, ibara ya 28 inakupa mkalimani bila malipo. Kwa hiyo, ndugu yangu, usitie sahihi wala dole gumba kwenye karatasi ambayo hujasomewa ukaielewa.

La pili ni muda. Ibara hiyohiyo ya 23 inasema mtuhumiwa afikishwe mahakamani mapema iwezekanavyo, na isizidi saa 48 tangu alipokamatwa. Saa 48 ni siku mbili. Katiba haikusema saa hizo zinalala Jumamosi na Jumapili. Mnaujua mchezo wa Ijumaa: mtu anakamatwa Ijumaa jioni ili mwisho wa wiki umlainishe, atafute pesa. Mchezo huo una jina lake, ni kumshikilia mtu kinyume cha sheria.

La tatu ni dhamana. Dhamana ya polisi ni bure. Nitarudia. Dhamana ya polisi ni bure. Polisi wa Uganda wenyewe wamebandika maneno hayo kwenye kuta za vituo vyao. Unaweza kuambiwa ulete mdhamini, mtu anayefahamika, atakayesaini kwamba utarudi siku utakayoitwa. Lakini kuombwa pesa ili utoke, hilo halimo. Na pesa ya mafuta? Hiyo pia haimo. Mafuta ya kituo ni kazi ya serikali, si kazi ya mama aliyeuza mbuzi.

La nne ni ndugu, hata kama katika mfano wetu mama alifika. Mtu akishikwa, akiomba, jamaa zake wajulishwe haraka iwezekanavyo. Jamaa na wakili wapewe nafasi ya kumwona. Akiwa mgonjwa, apate matibabu. Hayo nayo yamo katika ibara ya 23.

Na kama huyo kijana angepigwa ili akiri? Hapo tungeingia kwenye kosa kubwa zaidi. Ibara ya 24 inakataza mateso, na ibara ya 44 inasema katazo hilo haliondolewi kwa sababu yoyote, hata nchi ikiwa katika hali ya hatari. Mwaka 2012 Bunge lilipitisha sheria mahususi ya kuzuia mateso. Sheria hiyo haimruhusu askari kujitetea kwamba alitumwa na mkubwa wake. Mwaka 2019 ikaja sheria nyingine, ya utekelezaji wa haki za binadamu, inayosema ofisa wa serikali aliyevunja haki ya mtu atawajibika yeye mwenyewe, kwa jina lake. Askari wengi hawapendi kuisikia sheria hiyo. Sisi tuisome kwa sauti.

Labda mtu ataniambia: "Hayo ni ya Waganda. Mimi ni mkimbizi, nina haki gani hapa?" Swali zuri, na jibu lake ni fupi. Katiba haikusema raia akikamatwa. Imesema mtu akikamatwa. Mkimbizi ni mtu. Mkataba wa Kimataifa wa Wakimbizi wa mwaka 1951, ambao Uganda imeuridhia, unasema katika ibara ya 16 kwamba mkimbizi ana haki ya kufika mbele ya mahakama bila kizuizi. Na Uganda ina sheria yake ya wakimbizi ya mwaka 2006, ambayo wengi duniani huisifu. Basi sifa hiyo ionekane pia kwenye kaunta ya kituo cha polisi.

Wasikilizaji, tumeuona mfano, tumeisikia sheria. Sasa tuulize: kwa nini imani kwa polisi ni ndogo hivi katika sehemu kama Nakivale?

Sababu ya kwanza tunaijua sote. Makazi haya yana zaidi ya miaka 60. Wakimbizi wa kwanza kutoka Rwanda walifika hapa mwishoni mwa miaka ya 1950. Baada yao wamekuja Wakongo, Warundi, Wasomali, Waethiopia, Waeritrea na wengine, na leo idadi yao imepita laki mbili. Wengi wao walifika hapa wakimkimbia mtu mwenye sare. Mtu aliyeona askari wakichoma nyumba yake Kivu au Bujumbura hawezi kumwona askari mwingine akamkimbilia kama ndugu. Moyo wake unataka ushahidi kwanza.

Sababu ya pili ni ya hapahapa. Julai 2010, tarehe 14 na 15, maofisa wenye silaha waliendesha operesheni ya kuwarudisha Wanyarwanda kutoka Nakivale na Kyaka II. Watu walipakiwa kwenye malori kwa nguvu. Shirika la Umoja wa Mataifa la Wakimbizi, UNHCR, lilisema waliorudishwa walikuwa kama 1,700, na kwamba watu wawili walikufa baada ya kuruka kutoka kwenye malori. Serikali ilisema hao ni watu ambao maombi yao ya hifadhi yalikataliwa. UNHCR ilisema miongoni mwao walikuwamo wakimbizi waliotambuliwa. Familia zilitenganishwa. Waliokuwa Nakivale siku hizo wanakumbuka. Sasa jiulize: mtoto aliyekuwa na miaka 10 siku ile, leo ni mtu mzima. Akiona gari la polisi linaingia kijijini, anafikiri nini?

Sababu ya tatu ni ya mwaka 2013. Joel Mutabazi alikuwa mlinzi wa Rais wa Rwanda, akakimbilia Uganda akapewa hifadhi. Alikuwa chini ya ulinzi wa polisi wa Uganda. Oktoba mwaka huo alikabidhiwa Rwanda, na mwaka 2014 mahakama ya huko ikamhukumu kifungo cha maisha. Polisi wa Uganda walikiri kwamba kumkabidhi lilikuwa kosa. Mwaka 2017 maofisa wa polisi walifikishwa mahakama ya kijeshi kwa tuhuma za kuwateka na kuwarudisha wakimbizi. Mwaka 2018 aliyekuwa Mkuu wa Polisi, Jenerali Kale Kayihura, naye alishtakiwa, na moja ya tuhuma ilihusu jambo hilohilo. Mwaka 2023 mashtaka dhidi yake yaliondolewa. Kisheria, basi, Jenerali Kayihura hana hatia iliyothibitishwa, na hilo lazima tuliseme. Lakini mkimbizi anabaki na swali lake: mtu aliyekuwa mikononi mwa walinzi alitolewaje, na nani ametoa hesabu? Miaka inapita, jibu halijakamilika. Na mahali jibu linapokosekana, uvumi ndio hujaza nafasi.

Naomba mtambue jambo moja hapa. Makosa ya polisi yapo duniani kote. Kinachoua imani ni kosa lisilo na jibu. Kosa likijibiwa, watu husamehe. Kosa likifunikwa, watu hulirithisha watoto wao.

Je, Uganda imewahi kujaribu kuwauliza polisi wake? Ndiyo, imejaribu. Mwaka 1999 serikali iliunda tume ya kuchunguza rushwa ndani ya polisi, ikiongozwa na Jaji Julia Sebutinde, ambaye leo ni jaji wa Mahakama ya Kimataifa ya Haki kule The Hague. Vikao vilikuwa vya wazi. Wakubwa wa polisi walikaa kwenye kiti, wakaulizwa maswali, nchi nzima ikasikiliza. Na mnakumbuka kituo cha Nalufenya kule Jinja? Mwaka 2017 picha za majeraha ya Meya wa Kamwenge, Geoffrey Byamukama, zilienea kote baada ya kushikiliwa kule. Watu walipiga kelele, wabunge walipiga kelele, na Aprili 2018 Mkuu mpya wa Polisi, Martin Okoth Ochola, aliamuru kitengo kile cha Nalufenya kifungwe. Kelele za watu zilifunga mlango ule. Kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba kusema hakusaidii.

Sasa tugeuke upande wa pili, maana mizani ina pande mbili.

Askari naye ana shida zake. Wengi mmewaona wanavyoishi: vibanda vya bati vya mviringo, mchana vinachoma, usiku vinaganda. Nakivale ina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 185, vilima juu ya vilima, na kituo kinaweza kuwa na pikipiki moja ambayo leo ina mafuta, kesho haina. Askari anatoka Teso au Acholi, analetwa Isingiro, hajui Kinyankore wala Kirundi. Anafika kazini na shida zake nyumbani. Haya ni ya kweli, na serikali inapaswa kuyajibu. Lakini shida ya askari haimpi ruhusa ya kumnyang'anya mwenye shida kuliko yeye. Mkimbizi ambaye posho yake imepunguzwa hawezi kugeuzwa kuwa hazina ya kituo.

Na sisi wenyewe je? Tusijifiche. Wapo miongoni mwetu wanaomlipa askari ili jirani alale selo. Umemkopesha mtu shilingi laki moja, hajalipa, badala ya kwenda kwa wazee, kwa mwenyekiti wa baraza la ustawi wa wakimbizi, RWC, kwa baraza la mtaa, LC, au mahakamani kudai, unampa afande kitu kidogo amshike mwenzako. Deni halimpeleki mtu selo kwa sababu tu hajalipa. Ukimnunua askari leo kwa ajili ya jirani yako, kesho jirani atamnunua kwa ajili yako. Sheria ya Uganda ya kupambana na rushwa ya mwaka 2009 inamshika anayetoa na anayepokea. Na wapo wanaopeleka uongo kituoni kulipiza kisasi cha kikabila walichotoka nacho kwao. Huo nao ni uhalifu, tena unamharibia jina askari mwema.

Wahenga walisema: mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni. Hata mwizi ana haki ya kufikishwa mahakamani akiwa mzima. Ukishangilia leo mwizi akivunjwa mkono selo, umemfundisha askari kuvunja mikono. Kesho atakosea mtu.

Turudi kwenye kijana wetu wa boda. Nani alipata hasara? Kijana? Ndiyo. Mama aliyeuza mbuzi? Ndiyo. Lakini kuna wa tatu: mwenye simu iliyoibwa! Mwizi wa kweli hakutafutwa, maana kazi iliishia kwenye pesa ya mbuzi. Na kuna wa nne. Tuseme wiki inayofuata msichana anashambuliwa akitoka kuokota kuni. Vijana wa boda wamemwona mshambuliaji, wanamjua. Je, watakwenda kituoni kutoa ushahidi? Hawaendi. Wanaogopa wakienda kama mashahidi watageuzwa watuhumiwa. Mshambuliaji analala kwake.

Mnaona hasara inavyosafiri? Polisi hawana macho kila kichaka. Macho yao ni sisi. Masikio yao ni sisi. Askari anayechukua elfu 20 ya mtu mnyonge amejiziba macho na masikio mwenyewe, na amewaziba wenzake wote wa kituo kile. Ndiyo maana nasema kumuwajibisha askari mbaya ni kumsaidia askari mzuri.

Na kwa kuwa nimemtaja msichana, nieleze jambo moja kwa akina mama na dada zetu. Mtu aliyeshambuliwa hupewa fomu ya polisi ya uchunguzi wa daktari. Ya kupigwa ni fomu namba 3. Ya kubakwa au kunajisiwa ni fomu namba 3A. Fomu hizo haziuzwi. Anayekuuzia anafanya biashara ya maumivu yako. Unaweza kwenda moja kwa moja hospitali ukatibiwa kwanza. Uhai wako na afya yako vinatangulia. Na kwenye kituo chenye kitengo cha familia na watoto, omba kuhudumiwa na askari wa kike.

Sasa tufike kwenye la kufanya. Nawapa maneno matatu ya kwenda nayo nyumbani: jua, andika, peleka.

Jua. Jua kwamba dhamana ni bure. Jua kwamba saa 48 ni saa 48. Jua kwamba unaelezwa kwa lugha unayoielewa. Mwambie na mtoto wako, mwambie na bibi.

Andika. Kumbukumbu ya kichwani huchoka, karatasi haichoki. Andika jina la askari au namba iliyo kwenye sare yake. Andika kituo, siku, saa, nani alikuwapo, kiasi gani kiliombwa, maneno gani yalisemwa. Ukipeleka malalamiko kituoni, omba namba ya kumbukumbu iliyoandikwa katika daftari la kituo. Na kama pesa ilitumwa kwa simu, usifute ujumbe! Ujumbe ule unataja namba, siku na kiasi. Ni shahidi asiyetishwa.

Hujui kuandika? Mtoto wa shule ataandika, nawe utamwambia. Usimtukane askari, usigombane naye, usikimbie. Sema kwa adabu: "Afande, naomba kujua jina lako na sababu ya kunikamata." Adabu hiyo haikupunguzii haki hata chembe.

Peleka. Upeleke wapi? Hatua ya kwanza ni mkuu wa kituo. Akiwa ndiye unayemlalamikia, mpite, nenda kwa kamanda wa polisi wa Wilaya ya Isingiro. Juu yake yuko kamanda wa mkoa wa kipolisi wa Rwizi, ofisi yake iko Mbarara. Polisi wana kitengo chao cha nidhamu kinachopokea malalamiko dhidi ya askari. Usipoona jibu huko, toka nje ya polisi. Tume ya Haki za Binadamu ya Uganda ina ofisi Mbarara. Tume hiyo iliundwa na Katiba, na ina mamlaka kama ya mahakama: inaweza kuamuru mtu aachiliwe, inaweza kuamuru fidia. Na taarifa zake za kila mwaka zimewataja polisi mara kwa mara miongoni mwa wanaolalamikiwa zaidi, kwa hiyo lalamiko lako halitawashangaza. Kwa mambo ya rushwa, yupo Mkaguzi Mkuu wa Serikali, naye ana ofisi Mbarara. Kwa msaada wa kisheria wa wakimbizi, upo Mradi wa Sheria za Wakimbizi wa Chuo Kikuu cha Makerere, uliopo tangu 1999 na wenye ofisi Mbarara. Katika makazi kuna mwenyekiti wako wa RWC, kuna ofisi ya Waziri Mkuu, OPM, kuna UNHCR na simu yake ya bure. Na tangu mwaka 2013 mahakama tembezi imekuwa ikifika Nakivale kusikiliza kesi, ili watu wasilazimike kusafiri mbali kutafuta hakimu.

Najua kuna anayesema: "Wewe uko kwenye redio, hujui hofu yetu. Nikimshtaki afande, kesho nitakutana naye njiani." Hofu hiyo ni ya haki, siipuuzi. Ndiyo maana nasema usiende peke yako. Nendeni wawili, watatu. Pelekeni lalamiko Mbarara, si lazima liandikwe kwenye kituo kilekile mlichoonewa. Waambieni wanaolipokea kwamba mnaogopa, nao waandike hivyo. Lalamiko lililoandikwa na watu watano kuhusu askari mmoja ni gumu kulizima kuliko kilio cha mtu mmoja.

Na niseme ukweli mwingine: haki hii huenda polepole. Mtu anaweza kushinda kwenye Tume akasubiri fidia kwa muda mrefu. Hilo ni kosa la serikali, na lazima tulisemee. Lakini lalamiko lililoandikwa, hata likichelewa, linabaki kwenye faili. Lisiloandikwa ni kana kwamba halikutokea.

Nimalizie kwa wakubwa. Tazameni majirani zetu Kenya. Baada ya ghasia za uchaguzi za 2007 na 2008, Wakenya walidai chombo huru cha kuwasimamia polisi, na mwaka 2011 sheria ikakiunda. Kinaitwa IPOA. Hakijamaliza ubaya wa polisi wa Kenya, hasha. Juni 2025 mwalimu Albert Ojwang alikamatwa Homa Bay, akafia mikononi mwa polisi Nairobi. Polisi walisema alijigonga kichwa ukutani. Daktari wa serikali aliyechunguza mwili akasema majeraha hayaendani na maelezo hayo. IPOA ikachunguza, na mwezi huohuo maofisa wa polisi wakafikishwa kortini kwa shtaka la mauaji. Uhai wa Ojwang haukurudi. Lakini uongo ule wa ukuta haukuishi hata wiki.

Uganda haina chombo huru cha namna hiyo kinachowashughulikia polisi peke yao. Malalamiko mengi dhidi ya polisi yanachunguzwa na polisi wenyewe. Namwomba kila mbunge wa Isingiro na wa Mbarara anayetusikia alibebe jambo hili. Na wakati Bunge linajadili, yapo mambo ambayo hayahitaji sheria mpya. Kamanda wa Rwizi, njoo Nakivale, fanya baraza la wazi, kwa Kiswahili na kwa wakalimani. Usije kuahidi. Njoo na orodha ya malalamiko yaliyopita, utuambie lipi limeishaje, askari yupi ameadhibiwa na yupi amesafishwa. Katika kila kituo bandikeni tangazo kwa Kiswahili, Kinyarwanda, Kirundi, Kisomali na Kinyankore: dhamana ni bure, saa ni 48, fomu haziuzwi. Karatasi na gundi havihitaji bajeti ya taifa.

Na kwa afande mwema anayetusikiliza: usimfiche mwenzako anayekula jasho la wanyonge. Akila yeye, unachukiwa wewe.

Wasikilizaji wapendwa, muda wangu umeisha. Polisi asiyekubali kuulizwa hastahili kuaminiwa, na mwananchi asiyethubutu kuuliza asitegemee kutendewa haki. Jueni haki zenu. Andikeni mnayotendewa. Pelekeni panapostahili, tena pelekeni mkiwa pamoja.